Msikiti wa Riyadha, Amu: Yaliyoandikwa na Yaliyosahauliwa



Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, mashua huvuka kutoka Mokowe kwenda Amu zikiwa zimejaa watu wanaokwenda kuhudhuria Maulidi ya Riyadha. Juu ya hukumu ya Maulidi hayo, wenye kuyapenda wameandika na wenye kuyakataa wameandika, na msomaji wetu anazijua hoja za pande zote mbili. Hatukusudii kuziongezea. Tunalotaka kulitazama hapa ni jambo ambalo pande hizo mbili zimelipita haraka, nalo ni historia ya msikiti wenyewe: imeandikwaje, imeandikwa na nani, na je, mtu wa fiqhi akiifungua atapata ndani yake anachokihitaji?

Jibu letu ni kwamba atapata kidogo kuliko anavyostahili kupata. Msikiti huu umeandikwa sana kupita misikiti mingi ya pwani yetu. Lakini umeandikwa kama sherehe, umeandikwa kama alama, umeandikwa kama karama za mja mwema. Ni wachache walioandika kuhusu msikiti kama waqfu na darsa, na haya mawili ndiyo yanayoufanya uwe ulivyo.

Tarehe mbili

Tuanze na jambo dogo. Riyadha ilianza lini? Wapo wanaotaja mwaka 1892, na wapo wanaotaja 1901. Tumewahi kuwasikia watu wazima wakishindana juu ya hili mpaka sauti zikapanda, kila mmoja akidhani kwamba mwenziwe ameikosea heshima nyumba ya Habib Saleh.

Mtu aliyesoma babu ya waqfu katika Minhaj ya Imam Nawawi (Allah amrehemu) hatashtushwa na khitilafu hii. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, ukuta haufanyi msikiti. Mtu akijenga jengo lenye sura ya msikiti katika ardhi yake, akawaruhusu watu kuswali humo, bado ni milki yake mpaka atamke. Akisema kwamba mahali hapa nimepafanya msikiti, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi pamekuwa msikiti saa ile ile, hata kama hapajawekwa jiwe hata moja. Ardhi mfu ambayo haina mwenyewe ina hukumu yake, kwani humo nia pamoja na ujenzi hutosha. Mahanafi wao wana njia nyingine, na kwao kuswali watu kwa idhini ya mwenyewe kuna uzito ambao kwetu haupo.

Kwa hiyo mahali pamoja paweza kuwa na tarehe zaidi ya moja, na zote zikawa kweli: ya kutolewa ardhi, ya kuanza darsa katika banda la makuti, na ya kusimama jengo la mawe. Mwanahistoria anayeuliza ni lini kulijengwa huwa anauliza swali la fundi. Fakihi huuliza ni lini kulitamkwa, nani alitamka, na mbele ya nani. Mpaka leo watu wanashindana juu ya miaka hiyo miwili bila kuuliza kila mwaka unahesabu kitu gani.

Hili si suala la kupitisha wakati barazani. Tumepata kuulizwa kuhusu msikiti mmoja, ambao hatutautaja, uliokuwa na chumba cha madrasa ubavuni kilichounganishwa na ukumbi wa swala. Akina mama waliokuwa na hedhi wakazuiwa kuingia darsani, kwa kuwa kukaa msikitini katika hali hiyo ni haramu kwetu. Wengine wakasema chumba kile si msikiti, ni chuo. Aliyetoa ardhi alikuwa amekwisha fariki, hakuna karatasi, na wazee waliobaki kila mmoja alikumbuka lake. Darsa ikavunjika. Mtu akitia nia ya itikafu katika chumba kile, itikafu yake inasihi? Akiingia aswali tahiyyatul masjid? Majibu yote yalikuwa kaburini pamoja na mtoaji. Mahali kama Riyadha, penye msikiti, chuo na malazi ya wanafunzi, maswali haya hujitokeza katika kila mlango.

Walioandika

Sasa tuwatazame walioandika, mmoja baada ya mwingine, tukimpa kila mtu haki yake.

Wa mwanzo ni wasimuliaji wa manaqib. Hawa ndio waliohifadhi mengi, na bila wao tusingejua hata njia ambayo Habib Saleh bin Alawi Jamalulleil aliijia kutoka Ngazija mpaka Amu, alikoishi na kufundisha mpaka alipofariki mwaka 1935. Lakini manaqib yana ada yake. Hukusanya yale yanayoonyesha cheo cha mja mbele ya Mola wake, na hayajali kuhifadhi mipaka ya kiwanja. Sisi tunaithibitisha karama ya mawalii kama walivyoithibitisha wanavyuoni wa Ahlu Sunna. Hata hivyo, kuithibitisha asili ya karama ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba karama fulani ilitokea siku fulani kwa mtu fulani ni jambo jingine. Hili la pili ni khabari, na khabari huulizwa sanad. Nani alikuwepo? Nani alimsikia aliyekuwepo? Ni ajabu kwamba watu waliosomeshwa mustalah ya hadithi wanaiacha elimu hiyo mlangoni kila inapotajwa historia ya msikiti wao.

Wa pili ni Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika kitabu chake Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka mwaka 1972. Sheikh Farsy anajulikana kwa msimamo wake juu ya bid'a, na mtu angetarajia awapite masharifu wa Amu kwa mbali. Hakufanya hivyo. Aliwaandika kwa mizani ile ile anayowapimia wengine: mtu huyu alisoma kwa nani, na nani alisoma kwake. Hiyo ni njia ya vitabu vya tarajim, na ndiyo njia yetu ya zamani. Randall Pouwels alipokifasiri kitabu hiki kwa Kiingereza mwaka 1989 alikitilia maelezo mengi yenye faida, lakini akakipachika jina dogo linalokiita masimulizi ya manaqib ya watakatifu. Hapo alimdhulumu Sheikh. Ukikisoma utaona kwamba kinachomshughulisha Sheikh Farsy ni silsila ya elimu. Upungufu wa kitabu hiki uko kwingine: kinatufuatisha mtu, na msikiti unaonekana kwa mbali tu, pale mtu huyo anapoingia na kutoka.

Kisha wakaja watafiti wa vyuo vikuu. Peter Lienhardt aliandika makala mwaka 1959 katika Tanganyika Notes and Records, na jina alilolichagua, lenye maana ya chuo cha msikitini cha Amu na hali ya jamii iliyokizunguka, liko karibu na ukweli kuliko vitabu vingi vilivyokuja baadaye. Aliona kwamba pale pana chuo. Mwaka 1974 kikatoka kitabu cha Abdul Hamid el-Zein, Mmisri aliyesoma elimu ya anthropolojia, ambacho jina lake, The Sacred Meadows, linalifasiri neno Riyadha: malisho au mabustani matukufu. Ni kitabu cha mtu mwenye akili kali. Lakini kinaipasua dini ya watu wa Amu kama kitendawili cha alama: nuru na udongo, usharifu na utumwa, usafi na uchafu. Waumini wanageuka kuwa watu wanaoishi ndani ya visa vya kuumbwa ulimwengu, na msikiti unageuka kuwa jukwaa ambalo visa hivyo huchezwa. Hukumu za kisheria ambazo watu hao walizisoma asubuhi na jioni katika vitabu vya fiqhi hazina uzito kama huo mbele yake. Twashangaa pia kwamba jina lenyewe lingeweza kumpeleka pengine. Imepokewa kwa Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahimiza Swahaba zake wanapopita kwenye mabustani ya Peponi walishe humo, na alipoulizwa ni yapi, katika riwaya moja akataja misikiti, na katika nyingine duara za dhikri. Malisho yanayokusudiwa, basi, ni ibada na elimu. Ngano ya kuumbwa nuru haihitajiki kulieleza jina hili.

Na jina hili lina asili nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni msikiti wa Riyadh wa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi huko Sayun, Hadhramaut.

Kilichotangulia ni chuo

Hapa tunafika pahala ambapo, kwa maoni yetu, watetezi wa Riyadha na wapinzani wake wameanguka shimo moja. Wote wanasema, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba Riyadha ni nyumba ya Maulidi: mtetezi kwa kuisifu, mpinzani kwa kuilaumu. Basi na tuzipange tarehe.

Habib Ali al-Habshi aliianzisha ribati yake Sayun mwaka 1296 Hijria, sawa na mwaka 1879 hivi. Maulidi yake yanayojulikana kwa jina la Simtud Durar, ambayo ndiyo Maulidi ya Habshi yanayosomwa Riyadha, aliyatunga mwaka 1327 Hijria, sawa na 1909. Habib Ali alifariki 1333 Hijria, sawa na 1915. Ukikubali kwamba Riyadha ilianza 1892, basi ilitangulia kitabu hicho kwa miaka 17 hivi. Ukikubali 1901, ilikitangulia kwa miaka 8. Kwa tarehe yoyote utakayoishika, msikiti ulikuwepo kabla ya Maulidi hayo kutungwa. Haiwezekani kitu kijengwe kwa ajili ya kitabu ambacho hakijaandikwa.

Mtu atasema Maulidi mengine yalikuwepo, kama Barzanji, na kwamba Mwenye Mansab wa Amu aliyefariki 1922, ambaye Habib Saleh alisoma kwake, aliyatia Barzanji katika mashairi ya Kiswahili. Ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya kuonyesha kwamba Maulidi yalikuwa mji mzima, hayakuwa jambo la pekee la Riyadha. Kilichokuwepo Sayun cha kuigwa katika miaka hiyo ya mwanzo ni ribati: mahali mwanafunzi anapotoka kwao akiwa hana kitu, akapewa pa kulala na cha kula, akasoma nahau, fiqhi na tasawwuf mpaka akahitimu. Hiki ndicho kilichokuja Amu. Maulidi ya Habshi yalikuja baadaye, yakaikuta nyumba imekwisha simama.

Hatusemi haya ili kuyashusha Maulidi wala kuyapandisha. Tunasema kwa sababu wiki moja ya mwaka imezifunika wiki nyingine zote. Mgeni anayekuja Mfungo Sita anaondoka akisimulia matari na zafa. Hakumuona kijana aliyetoka bara, asiyejua mtu Amu, anayekariri matni baada ya swala ya Alfajiri. Na waandishi wengi wamekuwa kama mgeni huyo.

Kuhusu watumwa

Khabari nyingine inayorudiwa kila mahali ni kwamba Habib Saleh aliwafundisha watumwa na watoto wa watumwa, wakati waungwana wa Amu hawakutaka elimu iwafikie. Asili ya khabari hii ni sahihi kwa tunavyoona, maana imekuja kwa njia nyingi, na zama zenyewe zinaiunga mkono: hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa katika himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1907, na mji ulikuwa umejaa watu ambao jana yao ilikuwa ya bwana na leo yao haikuwa ya mtu.

Tunachokipinga ni tafsiri. Waandishi wa siku hizi wamelifanya jambo hili kuwa mapinduzi, kana kwamba sharifu mmoja alisimama dhidi ya dini ya wanavyuoni na kuleta dini ya wanyonge. Hili ni kosa katika fiqhi kabla ya kuwa kosa katika historia. Salim, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru, aliwaswalisha Muhajirina wa mwanzo huko Quba kwa sababu alikuwa na Qur'an nyingi kuliko wao. Bukhari ameweka mlango mzima juu ya uimamu wa mtumwa, na humo akamtaja Dhakwan, mtumwa wa Bibi Aisha (R.A.), aliyekuwa akimswalisha kwa kusoma katika msahafu. Mafakihi wetu hawakuwahi kusema kwamba mtumwa asifundishwe Fatiha. Aliyeacha njia alikuwa mji na ada zake. Habib Saleh hakuleta jipya. Aliwarudisha watu kwenye vitabu ambavyo waungwana wenyewe walikuwa navyo majumbani. Na ukiliita tendo hilo mapinduzi, umewapa wale waungwana daraja wasiyostahili, kwamba wao ndio waliokuwa wakiwakilisha Sharia.

Wala haifai kuwafanya wanavyuoni wote wa Amu kuwa upande mmoja. Habib Saleh alisoma kwao. Mwenye Mansab alikuwa katika wakubwa wa mji kwa nasaba na elimu. Hadithi ya mtu mmoja mbele ya mji mzima ni tamu kusimulia, lakini mwanafunzi hapatikani bila mwalimu.

Vitabu vyenye maandishi ya waqfu

Kazi iliyotunufaisha zaidi katika miaka ya karibuni haikutoka kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, miswada ya Kiarabu iliyohifadhiwa Riyadha ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Mtafiti wa Norway, Anne Bang, ambaye alikwisha andika juu ya masharifu wa Alawiyya na safari zao za bahari, akatoa makala mwaka 2015 juu ya jinsi vitabu hivyo vilivyofika na kunakiliwa. Hapa, hatimaye, swali limekuwa letu: kitabu hiki kilinakiliwa na nani, kilimilikiwa na nani, kiliwekwa waqfu kwa nani?

Waqfu wa kitabu ni sahihi kwetu, ijapokuwa ni kitu kinachohamishika. Na mtu anapoandika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba kitabu hiki ni waqfu kwa wanafunzi wa mahali fulani, amefanya kile ambacho mjengaji wa msikiti mara nyingi hukisahau: ametaja kitu, ametaja wanufaikaji, na ameweka sharti. Sharti la mwenye kuweka waqfu, wamesema mafakihi, huheshimiwa kama linavyoheshimiwa tamko la Sharia. Akisema kisitolewe nje, hakitolewi. Mstari huo mmoja wa wino unamwambia mwanahistoria mambo mengi zaidi kuliko kurasa za sifa, maana una jina na una kusudio, na mara nyingine una tarehe na mashahidi.

Tuna mawili ya kuidai kazi hiyo. La kwanza, kitabu kuwepo kabatini si ushahidi kwamba kilisomeshwa. Kuna vitabu vya baraka na kuna vitabu vya darsa, na alama za darsa, yaani maelezo ya pembeni, sehemu zilizochakaa, na maandiko ya kukhitimisha, zinahitaji jicho la mtu aliyekaa darsani. La pili ni aibu yetu zaidi kuliko yake: kazi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Amu anayetaka kujua babu yake alinakili nini inambidi aipitie lugha ambayo babu huyo hakuijua. Kijana wetu anayesoma khati ya Kiarabu, anayeijua Minhaj na anayekijua Kiamu, ndiye aliyefaa kuwa wa mwanzo kuyafungua makabati hayo.

Serikali za kikoloni ziliujua uzito wa karatasi mapema kuliko sisi. Sheria ya makamishna wa waqfu ilitungwa mwaka 1900. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi, iliyowataka watu wa ukanda wa pwani wajitokeze kudai ardhi zao, na ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Tujaalie mzee aliyeiweka ardhi yake waqfu kwa tamko tu, mbele ya watu wawili waliokwisha kufa. Mbele ya Allah waqfu wake ulikuwa kamili. Mbele ya afisa aliyekuja na daftari, ulikuwa hauna mwenyewe. Mwaka 2022 Kenya ilitunga sheria nyingine ya waqfu, na maafisa watakuja tena na madaftari, safari hii wakiwa Waislamu wenzetu, nao watauliza yale yale: mtoaji ni nani, mipaka ni ipi, msimamizi ni nani. Kuhusu hili la tatu, Mashafi wanasema kwamba mtoaji asipomteua nadhiri, usimamizi ni wa kadhi, si wa watoto wa mtoaji wala wa imamu kwa sababu tu ya uimamu wake. Ni misikiti mingapi ya pwani ambayo familia zimeurithi usimamizi kama zinavyorithi shamba la minazi, kwa kuwa hakuna aliyeandika neno?

Kwa hiyo tunawaomba masheikh wa Riyadha, ambao tunawaheshimu na ambao wengi wetu tumefaidika na elimu iliyotoka kwao, waitoe kwa Kiswahili historia ya mahali pao wakianza na ardhi. Watuambie tamko lilikuwaje, ukumbi unakomea wapi na chuo kinaanzia wapi, na vitabu gani vilisomeshwa katika zama za nani. Karama nazo zitajwe, pamoja na majina ya waliozisimulia. Na maimamu wanaosoma kurasa hizi, wenye misikiti isiyo na umaarufu wa Riyadha, wanao wazee wao walio hai. Wawaendee na kalamu kabla ya Mfungo Sita ujao.

Wallahu A'alam.